Sikumbuki

Kaptura ya Kasia ilipasuka mbele ya watu zaidi ya hamsini.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko na lango la hifadhi limefurika: wageni wenye kofia pana, mabegi, watoto waliopakwa mafuta ya jua mpaka masikioni, foleni ya tiketi imepinda hadi kwenye maegesho. Kasia aliinama kuinua kayaki, ule mtumbwi wa plastiki wa watu wawili, na chraa! Mshono ukaachia kutoka kiunoni hadi karibu na goti. Watu wakacheka. Akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta wa ofisi ya tiketi, akasimama hapo wima kama bango.

Jina la Kasia alipewa na wenzake, kwa kuwa katika waongoza wageni wote wa hifadhi ile ya pwani hakuna aliyemfikia kwa kupiga kasia. Miaka kumi na moja alikuwa akipeleka wageni kwenye mikoko, kwenye matumbawe kupiga mbizi kwa miwani na mrija, na juu ya majabali kutazama ndege. Bahari haikuwahi kumtia aibu. Leo kaptura imemtia.

"Kaka, umegandia ukuta, au ukuta ndio umekugandia wewe?"

Aliyeuliza alikuwa mwanamke mwenye gauni la bluu la mikono mifupi, tepu ya kupimia shingoni, na gunia la majaketi ya kuokolea begani.

"Niache tu, dada. Napumzika."

"Mtu anapumzika huku kashika nyuma kwa mikono miwili?"

Kasia akatazama chini. Mwanamke akatua gunia. "Mimi ndiye ninayeshona majaketi yenu. Ingia stoo, uvue, unirushie juu ya mlango. Na ufunge taulo vizuri, nisije nikalazimika kushona na macho yangu."

Akakaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akatoa sindano kwenye ukosi wa gauni. Ndani ya stoo Kasia alisimama kati ya miwani ya kuogelea na makasia, taulo kiunoni, kimya.

"Mbona huongei?"

"Naona aibu."

"Nguo kupasuka si aibu, ni uzi mbovu. Haya, vaa. Huu ni uzi wa mahema. Utazeeka wewe, mshono utabaki."

Alipotoka, jasho linamtiririka, akaomba namba yake ya simu.

"Ya nini?"

"Ya dharura."

"Una kaptura ngapi?"

"Tatu."

"Basi utanipigia mara tatu tu," alisema Fundi, kwani hivyo ndivyo mji mzima ulivyomwita. Jioni ile ile Kasia akapiga mara ya kwanza. Hadi mwisho wa wiki hakuna aliyekuwa akihesabu tena.

Fundi aliishi na mama yake mdogo juu ya karakana yao, katika mtaa wa maduka ya rangi na mashine za fotokopi. Mama mdogo ndiye aliyemlea, ndiye aliyemfundisha kuendesha ile cherehani nzito ya turubai. Chumba kilinuka mafuta ya mashine na nailoni iliyochomwa ncha. Walishona mahema, mabegi, viti vya mabasi, lakini kazi waliyoionea fahari ni ile ya hifadhi. Miaka minne Fundi alikuwa akipeleka majaketi pale langoni, saa ambazo Kasia yuko majini, na hakuwahi kuvuka stoo.

"Unashona vitu vya baharini na bahari huijui?" Kasia alimwambia kwenye simu. "Jumatatu karakana imefungwa. Njoo uwe mgeni wangu."

"Mimi naogopa maji."

"Tutaanza na nchi kavu, laazizi. Maji yatakuzoea taratibu."

Jumatatu ya kwanza wakapanda njia ya majabali. Ya pili, maji yalipokupwa, wakatembea juu ya miamba na vidimbwi vyake. Fundi, suruali imekunjwa, aliinama juu ya kila dimbwi akishangaa: jongoo bahari, kiti cha pweza chenye mikono mitano, pweza mdogo aliyejifanya jiwe. Ya tatu akaingia kwenye kayaki, kajifunga jaketi alilolishona mwenyewe, akashika kingo kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe.

"Piga kasia, mpenzi."

"Nipige kwa mkono gani? Yote miwili ina kazi."

Kasia akacheka hadi kayaki ikayumba, naye akampigia kelele, kisha na yeye akacheka. Waliporudi ufukweni walikuwa wameshikana mikono, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeanza kushika.

Sasa lisikilizwe lililotokea mwezi wa nne wa mapenzi yao.

Jioni moja dereva wa hifadhi alipita karakana kwa haraka, akazoa majaketi yote yaliyokuwa mezani, yaliyokamilika na yasiyokamilika, Fundi akiwa ametoka kidogo. Asubuhi, saa moja na nusu, Fundi akapiga simu.

"Umeamka, mahabubu?"

"Niko stoo napanga vifaa. Leo nina wageni kumi na wawili, kayaki sita."

"Basi sikiliza vizuri. Dereva wenu amechukua na majaketi manne ambayo sijayamaliza. Mikanda nimeishikiza tu kwa uzi, haitamweza mtu. Nimeyafunga uzi mwekundu begani. Yaweke kando."

"Sauti yako asubuhi! Ningeweza kuinywa na mkate."

"Kasia, umenisikia?"

"Nimesikia, kipenzi. Uzi mwekundu. Sasa niambie, Jumatatu utavaa lile gauni la njano?"

"Gauni la njano halipandi kayaki."

"Litapanda. Nitakubeba."

Wakaendelea hivyo, utani juu ya utani. Wageni wakafika. Kasia, simu kaibana kati ya sikio na bega, akachukua fomu ya ukaguzi, akaiweka juu ya goti, akatia alama ya vema kwenye mistari yote kumi na miwili bila kugusa mkanda hata mmoja. Akaagana na Fundi kwa busu la hewani, akaanza kugawa majaketi.

Katika wageni wale alikuwemo mwalimu mstaafu na mkewe. Walikuwa wakisherehekea miaka arobaini ya ndoa, na safari nzima walikuwa wakigombana nani anapiga kasia vibaya. Kwenye mdomo wa mkondo, pale maji ya mikoko yanapokutana na mawimbi, kayaki yao ikapinduka. Mke akashika kayaki. Mume aliibuka mara moja, mkanda wa jaketi ukaachia, jaketi likamtoka kichwani likaelea peke yake, na yeye akazama.

Kasia akajitupa kutoka kwenye kayaki yake. Alimkosa mara ya kwanza, akampata mara ya pili. Akamburuta hadi mchangani, akamkandamiza kifua huku mke akipiga mayowe pembeni, mpaka mzee akatapika maji na kuvuta pumzi. Wageni wakapiga makofi, wengine wanalia. Gari la wagonjwa likaja.

Ndipo Kasia alipoliokota jaketi. Begani kulikuwa na uzi mwekundu, umelowa, umefungwa fundo dogo la kupendeza.

Alitazama kushoto na kulia. Akaung'oa kwa kucha, akauangusha mchangani, akausukumia mchanga kwa mguu. Kisha akaenda kuyatafuta yale mengine matatu, akafanya vivyo hivyo.

Siku ya pili Fundi aliitwa ofisini. Msimamizi wa hifadhi alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Jaketi lilikuwa mezani mbele yake. Kasia alisimama karibu na dirisha.

"Mkanda huu ulishonwa na nani?"

"Na mimi, mama. Lakini ulikuwa haujakamilika. Dereva alichukua yote mimi sipo. Asubuhi yake nikampigia Kasia, nikamwambia manne yasitumike. Niliyafunga uzi mwekundu."

"Mimi hapa sioni uzi." Msimamizi akamgeukia Kasia. "Alikuambia?"

Feni ilikuwa ikizunguka juu yao. Mwezi uliofuata Kasia alitarajiwa kuwa kiongozi mkuu wa michezo ya maji. Tangu jana watu wa lango zima walikuwa wakimwita shujaa. Mzee yuko salama, alijiambia, hakuna aliyekufa. Fundi ana wateja wengine. Mambo haya yote yalipita kichwani mwake kwa muda wa pumzi moja.

"Sikumbuki," alisema.

Fundi akamtazama. "Hukumbuki?"

"Asubuhi ile tuliongea mambo mengi."

Fundi akavua tepu shingoni, akaikunja polepole kuzunguka vidole vyake mpaka ikaisha. "Sawa, mama," alimwambia msimamizi. "Kama yeye hakumbuki, mimi sina shahidi mwingine." Akatoka. Kazi ya hifadhi ikaishia pale, na habari ikafika mtaani kabla yake, kwamba mtu nusura afe kwa mshono wa Fundi.

Kasia alimpigia simu siku tatu mfululizo. Siku ya nne akapokea.

"Unataka nini?"

"Nataka nikueleze."

"Eleza."

Kasia akafungua mdomo. Alisikia mlio wa cherehani upande wa pili, ukaanza, ukakoma.

"Umeona?" alisema Fundi. "Hata mimi niliyekuwepo huwezi kuniambia." Akakata.

Siku nne baadaye akajikaza, akaenda karakana. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri. Lakini aliyemlaki mlangoni ni mama mdogo, miwani puani, mikono imefunguka.

"Karibu, mwanangu! Shujaa wetu! Kaa, kaa hapa." Akafuta kiti kwa upande wa kanga. "Baba, mimi sijui niseme nini. Huyu mtoto ametutia aibu. Nimemlea, nimemfundisha, kila siku namwambia mkanda wa jaketi ni roho ya mtu. Bila wewe leo tungekuwa na maiti shingoni. Tusamehe sana."

Masikio ya Kasia yakawaka moto. Fundi alikuwa kwenye mashine yake, mgongo umewaelekea, mguu juu ya pedeli. Hakugeuka.

"Mama..." alianza Kasia.

"Usiseme kitu. Kunywa chai kwanza."

Akaletewa chai. Akainywa. Mama mdogo aliendelea kumsema Fundi kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusema, na Kasia alikaa pale, kikombe mkononi, akisikia mwenziwe akitukanwa kwa kosa lake. Yale maneno aliyoyapanga yaligoma kutoka.

"Mama mdogo, mwache aende," Fundi alisema mwishoni, bado kageuka. "Ana kazi ya kuokoa watu."

Tangu siku ile Kasia hakula kwa raha. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni jua. Wageni walitaka kupiga naye picha. Alisimama nao uso umekakamaa. Stoo ikawa mahali asipotaka kuingia.

Wiki ya tatu, asubuhi, wageni wamekusanyika langoni kusikiliza maelekezo, mwalimu mstaafu na mkewe wakaja. Mzee alikuwa amepona, anatembea taratibu. Mkewe alibeba shati jipya jeupe ndani ya karatasi inayong'aa. Msimamizi naye alikuwepo, bahasha mkononi. Watu walijua bahasha hiyo ina barua ya cheo kipya.

"Ndugu wageni," mzee alisema kwa sauti ya darasani, "mnamwona kijana huyu? Bila yeye mimi ni marehemu." Makofi yakalipuka. Mkewe akampa Kasia shati, akamshika mkono wake kwa mikono yote miwili. "Ungekuwa wa tumbo langu nisingekupenda zaidi ya hivi."

"Mama, tafadhali usinishike mkono."

"Kwa nini, mwanangu?"

Macho yote yalikuwa kwake. Kasia alihisi kama yuko chini ya maji.

"Jaketi lile niliambiwa lisivaliwe," alisema. "Fundi alinipigia simu asubuhi ile, akanieleza yote. Lilikuwa na uzi mwekundu begani. Mimi nilikuwa nacheka naye kwenye simu. Nikatia alama kwenye fomu bila kukagua, nikamvisha mume wako. Halafu nikautoa ule uzi, nikaufukia. Nikaulizwa na msimamizi nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Nakumbuka kila neno."

Mzee akawa anatazama ndala zake. Mkewe alimkazia Kasia macho.

"Mume wangu alikunywa bahari," alisema, "wewe unachombeza mwanamke?"

"Ndiyo, mama."

"Nipe hilo shati."

Kasia akamrudishia. Mama akalikumbatia kifuani, akamshika mumewe mkono, wakaondoka katikati ya watu. Msimamizi akairudisha bahasha mfukoni.

"Toa beji," alisema.

Hakufukuzwa, kwa kuwa alisema mwenyewe. Lakini mwaka mzima hangeongoza mgeni majini. Alipewa kazi ya kusugua kayaki, kusuuza miwani na kufagia njia za miguu. Wenzake waliacha kumwita Kasia. Walimwita Brashi, naye aliitika.

Jioni ya siku ile simu yake iliita.

"Msimamizi wenu amenipigia," Fundi alisema. "Ameniomba radhi. Kazi imerudi."

"Na mimi naomba radhi, Fundi. Naomba..."

"Usiombe kwa simu. Kwa simu ulishaniambia 'nimesikia, kipenzi'."

Ikawa kila Alhamisi Fundi analeta majaketi, na Brashi anayapokea. Alivuta kila mkanda, akafunga na kufungua kila kishikizo, mbele yake, bila haraka. "Kumi na mawili," anasema. "Kumi na mawili," Fundi anajibu, anatia sahihi, anaondoka. Miezi minne ikapita hivyo. Katika miezi hiyo Kasia alizijua raba za Fundi, jozi zote mbili, ya bluu na ya kijivu, kwa sababu hakuinua macho juu ya hapo.

Jumatatu moja alikuwa akifagia majani kwenye njia ya miamba. Raba za kijivu zikasimama mbele ya fagio.

"Nimekata tiketi ya mgeni," alisema Fundi. Alivaa kofia ya majani makavu na blauzi ya kijani. "Wanasema maji yamekupwa. Njia siijui vizuri."

"Siruhusiwi kuongoza majini."

"Nani kataja maji? Miamba ni nchi kavu."

Wakatembea. Kasia alitangulia, akimwonyesha pa kukanyaga, maneno mawili mawili. Kwenye dimbwi la mwisho Fundi akasimama.

"Ulipolitamka lile neno ofisini, uliniangalia?"

"Sikuweza."

"Niangalie sasa."

Kasia akainua uso. Ilikuwa kama kutazama jua. Machozi yakamjaa, lakini hakuyakwepesha macho.

"Naona aibu kila nikikuona," alisema. "Ningekuwa na uwezo ningejivua kama jaketi."

"Najua. Na mimi nilikuchukia. Halafu nikawa nakukosa. Kumchukia mtu na kumkosa kwa wakati mmoja ni kazi mbili, Kasia, na mimi nina kazi ya kutosha." Akavua kofia, akajipepea. "Bado unanitaka?"

"Kuliko pumzi."

"Usiniletee mashairi. Kama unanitaka, nenda kwa mama mdogo."

"Nikapose?"

"Ukaseme. Hajui kitu. Ubaya wangu ulifika mtaani, ungamo lako halikufika. Kazi iliporudi alidhani nimesamehewa. Mpaka leo anaamini niliyekosa ni mimi."

"Miezi yote hii? Anakusema wewe?"

"Kila asubuhi, kabla hatujawasha mashine."

"Na wewe unanyamaza?"

Fundi alikuwa ameshageuka. "Twende. Maji yanajaa."

Jumapili alasiri Kasia alipanda ngazi za karakana pamoja na dada yake mkubwa. Alivaa suruali ya kitambaa na shati la mistari lililopigwa pasi mpaka likakauka. Mama mdogo aliwakaribisha kwa furaha, akawakalisha kwenye kochi, akapunguza redio. Fundi alisimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, mikono nyuma.

"Shujaa wetu umetupotea!" mama mdogo alisema. "Na leo umekuja na dada. Hamjambo? Naona hili ni jambo la heri."

"Mama, nimekuja na mambo mawili," alisema Kasia. "La kwanza si la heri. Mimi si shujaa."

Akasema. Hakuruka kitu: simu, gauni la njano, fomu juu ya goti, uzi alioufukia kwa mguu, feni, lile neno. Akasema na ile chai aliyoinywa kwenye kiti kile. Dada yake, aliyekuwa ameshasimuliwa, alitazama sakafu tangu mwanzo hadi mwisho.

Mama mdogo alivua miwani. Alikaa nayo mkononi kwa muda, kama mtu aliyesahau miwani ni ya nini. Hakumtazama Kasia. Alimtazama Fundi.

"Na wewe ukanyamaza? Nikakusema kila kukicha, mpaka mbele za wateja, ukanyamaza?"

"Halikuwa langu kulisema, mama mdogo."

Mama mdogo akainuka. Alikwenda mpaka mlangoni, akaichukua mikono ya Fundi, ile yenye alama za sindano, akaigeuza viganja juu. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Fundi, ambaye hakulia ofisini wala mtaani, akalia hapo, begani kwa aliyemlea.

Kasia aliinama. Ndani ya chumba kile hakuna aliyejua aweke wapi macho.

Baadaye dada yake alikohoa kidogo. "Mama, samahani. Kulikuwa na jambo la pili."

"Nalijua," mama mdogo alisema bila kugeuka, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Mtu havai shati kama hilo kuja kuungama tu. Na wewe, baba, kwako bado sijafika. Nikifika utajua. Leo niacheni na mwanangu. Hilo la pili njooni nalo Jumapili ijayo."

Fundi aliwasindikiza. Dada akatangulia kushuka, akawaacha kwenye kidaraja cha ngazi. Kasia alishika chuma cha ngazi, uso bado umemshuka.

"Atanikatalia," alisema.

Fundi alijifuta pua kwa kiganja, macho yamevimba, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano akamtengenezea kola.

"Wewe humjui," alisema. "Mama mdogo akimkataa mtu, hampi siku."